Kusimama Koblenz, Kupanda Marksburg: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ngome za Mto Rhine

Ukurasa huu unajibu maswali yanayorudiwa na abiria wazungumzaji wa Kiswahili wanaojiandaa kwa safari ya meli katika mto Rhine, hasa kituo cha Koblenz na ziara ya ngome ya Marksburg. Wapo wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi, na wapo wanaoishi Uholanzi, Uingereza au Muscat ambao wanampeleka mama kutembea. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Kituo hiki kiko wapi hasa?

Koblenz ni mji wa magharibi mwa Ujerumani, pale mto Mosel unapomwaga maji yake katika Rhine. Warumi waliojenga kambi hapo waliuita Confluentes, yaani makutano, na ndipo lilipotoka jina la leo. Mwaka 1992 mji ulisherehekea kutimiza miaka 2,000.

Ukipanda mto kutoka Koblenz hadi Bingen na Rüdesheim unapita kilomita 65 za bonde jembamba lenye mashamba ya mizabibu kwenye miteremko na ngome, makasri na magofu yapatayo 40. Kipande hicho kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2002. Marksburg iko juu ya mji mdogo wa Braubach, ukingo wa kulia, kilomita 12 hivi kusini mwa Koblenz. Meli nyingine hufunga gati Koblenz na abiria wakapelekwa kwa basi. Nyingine hufunga Braubach penyewe.

Kulia na kushoto kwa mto huhesabiwa ukitazama maji yanakoelekea. Na ukiona vibao vyenye namba kubwa ufukoni, hizo ni kilomita kutoka daraja la Konstanz, kusini kabisa. Marksburg iko karibu na 580, Koblenz karibu na 592. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi; zitakufaa ukiwa sitahani.

2. Burg, Schloss, Festung: si zote ni ngome tu?

Hapana, na ukizitofautisha ziara yote inabadilika. Burg ni ngome ya Enzi za Kati: bwana aliishi humo na familia yake, watumishi na walinzi wachache, na kuta zake zilijengwa kuzuia mishale na ngazi za maadui. Schloss ni kasri, nyumba ya fahari yenye madirisha makubwa, na mwenye madirisha makubwa hatarajii kushambuliwa. Festung ni ngome ya jeshi ya enzi ya mizinga: kuta nene, ardhi iliyokatwa kwa pembe, kambi ya askari ndani. Aliyewahi kuingia Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, tayari anajua Festung inavyofikiri.

Kituo hiki kina zote tatu karibu karibu. Marksburg ni Burg. Ehrenbreitstein, inayoitazama Koblenz kutoka ng'ambo, ni Festung iliyojengwa na Waprusia, watu wa ufalme wa Kijerumani wa Prusia, kati ya 1817 na 1828. Stolzenfels, lenye rangi ya manjano kusini kidogo mwa mji, ni kasri la karne ya 19 lililojengwa juu ya magofu ya Burg (tazama swali la 7).

3. Kama ngome ni 40, kwa nini watu hupelekwa Marksburg?

Kwa sababu kati ya ngome za vilimani za kipande hiki cha mto, ni Marksburg peke yake isiyowahi kubomolewa. Nyingine unazoziona ama ni magofu, ama zilijengwa upya mamia ya miaka baadaye kwa ladha ya wajenzi wapya. Hapa unakanyaga mawe yaleyale.

Ngome inatajwa kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 1231, ikiwa mikononi mwa ukoo wa Eppstein. Mwaka 1283 iliingia kwa mabwana wa Katzenelnbogen, ukoo uliotajirika kwa ushuru wa mto huu. Ukoo huo ulipokosa mrithi wa kiume mwaka 1479, ngome ikaenda kwa watawala wa Hesse, kisha Nassau, kisha Prusia. Ilitumika kama gereza, na wanajeshi wazee na wagonjwa waliwahi kuwekwa humo. Mwaka 1900 chama cha kuhifadhi ngome za Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka uliotangulia na msanifu majengo Bodo Ebhardt, kiliinunua kwa mark 1,000 za dhahabu, bei ya heshima tu. Makao makuu ya chama hicho yako humo tangu 1931. Mizinga ya Wamarekani iliijeruhi Machi 1945, lakini ilitengenezwa.

Ndani, usiharakishe. Njia ya kuingilia ni mwamba wenyewe uliochongwa ngazi pana zilizopandwa na farasi. Kuna jiko lenye meko kubwa, ukumbi, kanisa dogo la Mtakatifu Marko lililoipa ngome jina lake, na bustani ya mimea ya dawa, ya chakula na hata ya sumu. Kuna pia choo kilichotokeza nje ya ukuta juu ya utupu. Watoto hukikumbuka kuliko mizinga. Mimi hupenda zaidi kuhesabu meko. Vyumba vyenye moto ni vichache mno, na hapo ndipo unapoelewa maisha ya ngomeni yalikuwaje mwezi wa Januari.

Kuna jambo wengi hawaamini wakiambiwa: nakala ya Marksburg imejengwa Japani, katika kisiwa cha Miyako. Wakazi wa kisiwa hicho waliwaokoa mabaharia wa meli ya Kijerumani iliyovunjika hapo mwaka 1873, na undugu huo ndio uliozaa wazo la kujenga.

## Ushuru, vita na magofu

4. Kwa nini walijenga ngome nyingi namna hii katika kipande kifupi?

Kwa sababu mto ulikuwa barabara, na barabara ililipiwa. Divai, chumvi, nafaka, mbao na nguo vyote vilipita hapa. Bonde ni jembamba, hivyo chombo hakina pa kujificha. Kikipanda mto kilivutwa kwa kamba na farasi waliotembea ufukoni, na chombo kinachovutwa na farasi hakikimbii mtu.

Ushuru wenyewe haukulipwa juu kilimani. Nyumba ya forodha ilikuwa chini, kando ya maji; ngome ya juu ilikuwa nguvu iliyosimama nyuma ya dai. Kwa haki ushuru ulikuwa wa Kaisari, naye aliwapa ruhusa maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, na mabwana wengine. Kila aliyepata ruhusa alihitaji ngome, na jirani yake akahitaji ngome ya kumwangalia yeye. Matokeo yake, mfanyabiashara aliyetoka Basel kwenda Köln alikutana na makumi ya vituo vya ushuru, na wengine waliona nafuu kupakua mzigo na kuzunguka kwa nchi kavu.

Jambo hili si geni kwetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo ilipovuka Ugogo, kwa watemi walioshika visima katika nchi kame. Wakati huo hongo ilikuwa ada ya njia. Maana ya rushwa imekuja baadaye. Mgogo alishika maji ya kunywa, bwana wa Katzenelnbogen alishika maji ya kupitia, na hesabu yao ilikuwa moja. Ndiyo maana nawaomba abiria, wakifika kwenye mizinga ya Marksburg na kutazama chini, wamfikirie kwanza mtu aliyekaa kwenye mashua na mapipa yake ya divai, akihesabu vituo vilivyobaki. Wenye deraya wana makumbusho yao tayari. Yule aliyelipa hana hata sanamu.

Mwisho wa ushuru ulichelewa sana. Mwaka 1815 mkutano wa Vienna uliunda kamisheni ya kimataifa ya usafiri wa Rhine, ambayo ipo hadi leo, na mkataba wa Mannheim wa 1868 ukaufanya mto kuwa huru bila tozo.

5. Ni kweli baadhi ya mabwana hawa walikuwa majambazi?

Wapo waliotoza bila ruhusa ya mtu yeyote, na wapo waliopora tu. Wafanyabiashara hawakukaa kimya. Mwaka 1254 miji ya Rhine ikiongozwa na Mainz na Worms iliunda muungano wake, na mwaka uliofuata ikaizingira ngome ya Rheinfels huko St. Goar, iliyojengwa mwaka 1245 na Diether V wa Katzenelnbogen, kwa sababu ya ushuru wake. Walikaa pale zaidi ya mwaka mmoja na ngome haikuanguka. Mfalme Rudolf wa Habsburg alifanikiwa zaidi: mwaka 1282 aliziangusha Reichenstein na Sooneck, ngome mbili zilizosumbua wasafiri karibu na Bingen.

Lakini angalia tofauti yenyewe ilikuwa nini. Mwenye hati ya Kaisari aliitwa bwana. Asiye na hati aliitwa jambazi. Mwenye mashua alitoa fedha ileile.

6. Nani aliyezibomoa?

Wafaransa, mara mbili, kisha muda. Mwaka 1689 majeshi ya Louis XIV yalilipua ngome nyingi za bonde hili, zikiwemo Stahleck ya Bacharach, Schönburg ya Oberwesel na Stolzenfels. Rheinfels ilistahimili kuzingirwa mwaka 1692, lakini mwaka 1794 walinzi wake waliikabidhi kwa jeshi la Mapinduzi ya Ufaransa bila kupigana, nalo likailipua miaka michache baadaye. Burg Katz ililipuliwa mwaka 1806 kwa amri ya Napoleon.

Baada ya hapo wanakijiji walifanya kazi iliyobaki. Mawe yaliyochongwa tayari yalibebwa kujengea nyumba na kuta za mashamba.

7. Mbona nyingine zinaonekana kama zimejengwa jana?

Kwa kadiri fulani ni kweli. Mwaka 1815 Rhineland iligawiwa Prusia, ufalme wenye makao yake mbali, mashariki mwa Ujerumani, ambao watu wa hapa hawakuwa na mapenzi nao. Wakati huohuo wachoraji na washairi walikuwa wameanza kuyapenda magofu, na kuanzia 1827 meli za mvuke zilibeba wasafiri kwa ratiba kati ya Köln na Mainz. Wakuu wa Prusia wakaona nafasi: ukijenga upya ngome ya kale, unajifanya mrithi wa waliokuwa humo.

Mtoto wa ndugu wa mfalme wa Prusia, aliyeitwa Friedrich, alijenga upya Rheinstein kati ya 1825 na 1829. Mji wa Koblenz ulimpa mrithi wa kiti cha ufalme magofu ya Stolzenfels mwaka 1823, na baada ya kazi iliyomhusisha msanifu Karl Friedrich Schinkel, kasri lilifunguliwa mwaka 1842. Malkia Victoria alilizuru mwaka 1845. Ni jengo zuri na ninalipendekeza, mradi uingie ukijua unatazama ndoto ya karne ya 19 kuhusu karne ya 13.

8. Yote wanayosimulia viongozi wa ziara ni kweli?

Historia ya wamiliki, miaka na vita huwa wanaijua vizuri. Hadithi nne ndizo za kupokea kwa tahadhari.

Ya kwanza ni ngazi za mzunguko: kwamba zilipinda upande fulani ili kumpa nafasi mlinzi mwenye upanga mkono wa kulia. Ni maelezo matamu, ila hakuna maandishi ya Enzi za Kati yanayoyathibitisha, na ngazi zinazopinda upande wa pili zipo nyingi. Ya pili ni mafuta yanayochemka kumwagiwa maadui. Mafuta yalikuwa ghali, mawe na maji ya moto yalikuwa bure. Ya tatu ni vyumba vya mateso na mikanda ya chuma ya kuwafungia wake wasizini. Mateso yalikuwepo kweli katika sheria za zamani, lakini vifaa vingi vinavyoonyeshwa katika ngome za Ulaya vilikusanywa au kutengenezwa baadaye sana kwa ajili ya watazamaji.

Ya nne ni ya Mnara wa Panya ulio kwenye kisiwa kidogo hapo Bingen. Husimuliwa kwamba Askofu Mkuu Hatto wa Mainz aliwachoma maskini ghalani wakati wa njaa, kisha panya wakamfuata mpaka mnarani wakamla. Hatto wa Pili alifariki mwaka 970. Mnara ni wa karne ya 14, na ulihusika na ulinzi na ushuru. Hadithi ni ya uongo, hasira iliyo ndani yake ni ya kweli.

9. Na Loreley?

Ni mwamba unaopanda mita 132 juu ya maji karibu na kilomita 554, pale mto unapobanwa na kupinda. Hadithi ya mwanamke anayeimba na kuwapoteza mabaharia haina umri mkubwa. Mshairi mmoja Mjerumani aliitunga mwaka 1801. Hatari ya kona yenyewe haikutungwa. Januari 2011 meli iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfuriki ilipinduka hapo na mabaharia wawili walifariki.

## Historia inayotugusa sisi

10. Yule mpanda farasi mkubwa penye makutano ya mito ni nani?

Ni Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani. Mahali hapo panaitwa Deutsches Eck, Pembe ya Wajerumani, jina lililotokana na mashujaa wa shirika la kidini la Kijerumani waliopewa makao hapo mwaka 1216. Sanamu ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1897, ikaangushwa na mizinga ya Wamarekani mwaka 1945, na kwa miongo kadhaa kilisimama kitako kitupu kama kumbukumbu ya umoja wa Ujerumani iliyogawanyika. Sanamu ya sasa iliwekwa mwaka 1993 baada ya ubishi mkubwa. Pamoja na kitako chake inafika mita 37. Wilhelm aliujua mji huu vizuri. Aliishi hapa kama gavana wa kijeshi kati ya 1850 na 1858.

Abiria wengi hupiga picha na kuondoka. Kwa mtu wa Tanzania nashauri asimame kidogo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari huyuhuyu alitia saini hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters mamlaka juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa msingi wa mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya kwa wiki chache mwishoni mwa 1884. Hapo ndipo koloni lilipoanzia. Vita vya Abushiri, vita vya Mkwawa na Majimaji ya 1905 hadi 1907 vyote vilifuata kutoka kwenye karatasi ile. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea na kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake.

Nimesema katika swali la 5 kwamba mwenye hati aliitwa bwana. Hati ya 1885 ilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, safari hii upande wa pili wa dunia, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Kaisari aliyeisaini.

11. Kuna historia ya Waafrika katika eneo hili?

Ipo, na viongozi wengi hawaitaji mpaka uulize. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Rhineland ilikaliwa na majeshi ya washindi. Koblenz ilikuwa na Wamarekani hadi Januari 1923, na bendera yao ilipepea Ehrenbreitstein. Wafaransa walileta pia askari kutoka makoloni yao: Algeria, Morocco, Senegal, Madagaska. Kampeni kali ya chuki iliendeshwa dhidi ya askari hao kwa jina la "aibu nyeusi".

Wapo waliozaa na wanawake wa Kijerumani. Mwaka 1937 utawala wa Hitler uliwakamata kwa siri watoto hao wa Rhineland, karibu 400, ukawafanyia upasuaji kwa nguvu ili wasizae. Walikuwa vijana waliozaliwa hapa, wakizungumza Kijerumani kama lugha ya mama.

12. Vibati vya shaba vilivyochomekwa barabarani vina maana gani?

Ni kumbukumbu za watu waliouawa au kuteswa na utawala wa Hitler. Kila kibati huwekwa mbele ya nyumba ya mwisho aliyoishi mtu huyo kwa hiari, kikiwa na jina lake na miaka yake. Mradi ulianzishwa na msanii Gunter Demnig katika miaka ya 1990, na Koblenz inavyo vingi, hasa vya Wayahudi. Inama usome. Berlin kuna kimoja cha Mswahili: Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Mateso ya Wayahudi katika bonde hili ni ya zamani zaidi. Meli ikipita Bacharach utaona juu ya mji gofu zuri la kanisa lisilo na paa. Lilijengwa kumtukuza kijana Werner, aliyekutwa amekufa mwaka 1287. Wayahudi walisingiziwa kifo chake, na wengi wakauawa katika miji ya mtoni. Werner aliheshimiwa kama mtakatifu hapa mpaka dayosisi ya Trier ilipomwondoa katika kalenda yake mwaka 1963. Gofu hilo hupigwa picha sana.

## Siku yenyewe

13. Ratiba ya meli inasema 8:30. Ni saa nane na nusu?

Ni saa mbili na nusu asubuhi. Swali hili limewaachisha watu basi, kwa hiyo lichukue kwa uzito. Meli huandika saa kwa hesabu ya saa 24 kuanzia usiku wa manane. Kuanzia 7:00, toa 6; ikibaki zaidi ya 12, toa 12 tena. Kwa hiyo 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, na 20:00 ni saa mbili usiku. Unapompigia simu mtu wa nyumbani, kumbuka Afrika Mashariki iko mbele kwa saa moja wakati wa kiangazi cha Ulaya na saa mbili wakati wa baridi.

14. Kupanda Marksburg kunachosha? Mama ana miaka 70 na magoti yanamuuma.

Basi hufika karibu, lakini kutoka hapo kuna mwinuko na ngazi, na ndani kuna mawe yasiyo sawa, ngazi nyembamba na ule mwamba uliochongwa. Ziara huchukua dakika 50 hivi na huwezi kukatisha njiani kirahisi. Kiti cha magurudumu hakifai kabisa.

Kwa mama huyo ningechagua Ehrenbreitstein. Kuna gari la kamba linalovuka juu ya Rhine kutoka ukingo wa mji, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya bustani ya 2011. Linachukua viti vya magurudumu, na juu ni tambarare. Ataiona mito yote miwili ikikutana, maji ya Mosel na ya Rhine yakitembea sambamba kabla ya kuchanganyika.

15. Ziara ni kwa lugha gani?

Marksburg huingii ndani bila kiongozi. Ziara nyingi ni za Kijerumani. Za Kiingereza hutolewa kwa saa maalumu, na makundi ya meli hupangiwa zao. Kiswahili hakuna. Lakini usijione mgeni kabisa: shule yetu ni Schule yao, na hela yetu ilitokana na heller, sarafu ndogo waliyoileta Afrika Mashariki.

16. Nichukue nini?

Viatu visivyoteleza, koti jepesi hata Julai, na sarafu za euro, kwa kuwa vyoo vingi hulipiwa. Jumapili maduka hufungwa kwa sheria, isipokuwa vituo vikubwa vya treni, mikahawa na sehemu chache.

17. Mimi ni Mwislamu. Chakula na swala itakuwaje?

Nyama ya nguruwe na divai ziko kila mahali katika bonde hili, hata ndani ya mchuzi usioudhania. Waandikie wenye meli wiki kadhaa kabla, usingoje chakula cha kwanza. Samaki na mboga hupatikana bila shida. Kibla kutoka Koblenz ni kusini-mashariki, lakini chombo hupinda na mto, kwa hiyo tumia dira, usikariri upande wa chumba. Juni jua huzama karibu saa nne usiku kwa hesabu yetu, na Isha huchelewa sana.

18. Nahitaji viza gani?

Raia wa Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen. Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zote zimo, hivyo viza ya kuingia mara moja inatosha kwa safari ya Amsterdam hadi Basel. Omba katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, nchi utakayoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima lazima ifike euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari.

19. Naweza kwenda Marksburg bila kundi?

Ndiyo. Treni ndogo ya ukingo wa kulia inatoka kituo kikuu cha Koblenz na kufika Braubach kwa robo saa hivi. Kutoka hapo unapanda kwa miguu dakika 20 hadi 30. Ukijumlisha ziara na kurudi, jipe saa nne. Meli ikiondoka mapema, usijaribu.

## Mambo ya nadra

20. Maji yakipungua, safari inavunjika?

Mara nyingi haivunjiki, ila hubadilika. Tatizo huwa Kaub, mahali pa kina kifupi zaidi katika bonde. Oktoba 2018 kipimo cha Kaub kilionyesha sentimita 25. Namba hiyo si kina chenyewe. Njia ya meli ina zaidi ya mita moja juu yake. Hata hivyo ilitosha kuzizuia meli nyingi. Kampuni huwahamisha abiria kwa basi hadi meli nyingine upande wa pili. Anayeogopa hili asafiri Mei au Juni kuliko Septemba na Oktoba.

21. Na yakifurika?

Kipimo cha Koblenz kikifika mita 6.50, usafiri wa meli husimamishwa. Desemba 1993 kilipita mita 9. Katika miji ya mtoni utaona mistari ya mafuriko iliyochorwa kwenye kuta za nyumba, mingine juu ya kichwa chako. Marksburg haijui shida hiyo; basi huenda kama kawaida ikiwa barabara ya ufukoni haijafunikwa.

22. Meli ikiniacha je?

Usikimbie ufukoni ukiita. Piga simu ya meli iliyo kwenye kadi yako ya chumba, uulize kituo kinachofuata. Reli inafuata mto pande zote mbili, na treni ina kasi kuliko meli inayopanda maji: kama inaelekea Rüdesheim, treni ya ukingo wa kulia kutoka Koblenz au Braubach itakufikisha kabla yake. Hakikisha uko ukingo sahihi, kwa sababu kati ya Koblenz na eneo la Mainz hakuna daraja la magari. Watu huvuka kwa vivuko. Pasipoti yako huenda iko mapokezi melini, hivyo tembea na nakala.

23. Meli yetu haisimami Koblenz, inapita tu. Nitaona nini?

Utaona mengi kama ni mchana. Uliza mapema, maana nyingine hupita usiku. Kupanda mto huchukua saa tano au sita, kushuka tatu au nne. Ukipanda, kaa sitahani kuanzia Koblenz: Stolzenfels mkono wako wa kulia, kisha Marksburg kushoto (ukipanda, ukingo wa kulia wa mto unakuwa kushoto kwako), na mlimani nyuma yake mabomba ya moshi ya kiwanda cha zamani cha kuyeyusha risasi na fedha. Baada ya kona kubwa ya Boppard zinakuja Sterrenberg na Liebenstein, ngome mbili jirani zilizotenganishwa na ukuta. Husimuliwa kuwa ni za ndugu waliogombana. Kisha Burg Maus kushoto, Rheinfels kulia, Katz kushoto, na mara mwamba wa Loreley.

Ukiweza kutazama moja tu, tazama Pfalzgrafenstein ya Kaub, nyeupe, katikati ya maji kama meli ya mawe. Ludwig wa Bavaria aliijenga mwaka 1327 kwa kazi moja, kukusanya ushuru, na ilikusanya hadi miaka ya 1860. Wakati wa kupita, meli yako itaikaribia sana. Haitasimama, na hakuna atakayeidai kitu.